Dola Kama Msomaji: Hadithi za Selahattin Demirtaş na Kudidimia kwa Demokrasia Nchini Uturuki

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi, kama tunavyoufundisha katika idara zetu, hushughulika sana na mwandishi na matini, na msomaji akaachwa mlangoni. Hata pale msomaji anapotajwa, huwa ni msomaji mwema: mwanafunzi, mhakiki, au mpenzi wa fasihi anayesoma kwa hiari yake. Yupo msomaji mwingine ambaye nadharia zetu hazijampa nafasi anayostahili, naye ni dola. Dola husoma mashairi, hotuba, makala za magazeti na barua za wafungwa. Siku hizi husoma hata sentensi mbili zilizoandikwa katika mtandao wa kijamii. Mhakiki wa kawaida akikosea, atajibiwa na mhakiki mwenzake katika toleo lijalo la jarida. Dola ikikosea, tafsiri yake hutekelezwa na polisi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kudidimia kwa demokrasia nchini Uturuki kunaweza kuelezwa kama historia ya usomaji, yaani historia ya jinsi tafsiri moja ya maneno ilivyopewa nguvu ya kufuta tafsiri nyingine zote. Matini tutakayoichambua ni mkusanyiko wa hadithi fupi uitwao Seher, ambao Selahattin Demirtaş aliuandika katika gereza la Edirne na ambao ulichapishwa mwaka 2017. Mkusanyiko una hadithi kumi na mbili, na katika Kituruki uliuza zaidi ya nakala 100,000. Tumeusoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya Amy Marie Spangler na Kate Ferguson iliyotoka mwaka 2019. Kwa sababu hiyo uchambuzi wetu umejikita katika usimulizi, wahusika na nafsi inayosemeshwa, si katika lugha ya asili.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la fasihi nchini Kenya lijishughulishe na Uturuki. Jibu lipo katika historia yenyewe, nasi tutalifikia katika sehemu ya tano. Kwa sasa inatosha kusema kwamba majina ya Nairobi na Ankara yameandikwa katika jalada moja zaidi ya mara moja.

Shairi la Siirt

Haitakuwa haki kudai kwamba dola ya Uturuki ilianza kusoma kwa jicho la shaka katika enzi ya Recep Tayyip Erdoğan. Mwaka 1938 mshairi Nâzım Hikmet alihukumiwa kifungo cha miaka 28 kwa madai ya kuchochea uasi jeshini, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa kwamba wanafunzi wa vyuo vya kijeshi walipatikana wakisoma mashairi yake. Aliachiliwa mwaka 1950, akavuliwa uraia mwaka 1951, akafia Moscow mwaka 1963. Uraia wake ulirudishwa mwaka 2009, miaka arobaini na sita baada ya kufa kwake. Yaşar Kemal naye alishtakiwa katika miaka ya 1990 kwa makala aliyoandika kuhusu mateso ya Wakurdi, na Orhan Pamuk alifunguliwa mashtaka mwaka 2005 kwa maneno aliyoyasema katika mahojiano kuhusu mauaji ya Waarmenia na Wakurdi. Jamhuri iliyoasisiwa mwaka 1923, pamoja na majeshi yaliyoipindua serikali mara kadhaa kwa jina la kuilinda, ilikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kusoma fasihi kama ushahidi wa jinai.

Erdoğan mwenyewe aliwahi kuwa mhanga wa usomaji huo. Mnamo Desemba 1997, akiwa meya wa Istanbul, alikariri shairi katika mkutano wa hadhara mjini Siirt. Mahakama ya Usalama wa Dola ilizisoma beti hizo kama uchochezi wa chuki za kidini, ikamhukumu kifungo cha miezi kumi. Alitumikia takriban miezi minne katika mwaka 1999, na kwa muda akapigwa marufuku kushika wadhifa wa kisiasa. Wafuasi wake waliliona kosa hilo waziwazi: mahakama ilikuwa imechukua jazanda ikaifanya tamko la vita. Walikuwa sahihi. Chama cha Haki na Maendeleo (AKP) kilipoingia madarakani mwaka 2002, wengi, wakiwamo wapenda uhuru wasiokuwa na dini, walitumaini kwamba mtu aliyefungwa kwa sababu ya shairi hatamfunga mwingine kwa sababu kama hiyo. Miaka ya mwanzo ilielekea kuyathibitisha matumaini hayo. Mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya yalianza Oktoba 2005, na Januari 2009 shirika la utangazaji la serikali lilifungua idhaa ya televisheni ya Kikurdi.

Waswahili wana methali isemayo mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kilichofuata ni kisa cha mtu aliyeuonja uchungu wa mkuki huo, kisha akauokota mwenyewe.

Kutoka Bungeni Hadi Edirne

Demirtaş alizaliwa mwaka 1973, akasomea sheria, akafanya kazi ya uwakili na utetezi wa haki za binadamu mjini Diyarbakır kabla ya kuingia bungeni. Mwaka 2014 akawa mwenyekiti mwenza wa Chama cha Kidemokrasia cha Watu (HDP), chama chenye mizizi miongoni mwa Wakurdi lakini kilichotaka pia kuwasemea wanawake, wafanyakazi na makabila mengine madogo. Katika uchaguzi wa Juni 7, 2015, chama hicho kilipata asilimia 13 ya kura na viti 80. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2002 AKP ikapoteza wingi wake bungeni. Mazungumzo ya amani baina ya serikali na chama cha PKK, yaliyokuwa yakiendelea tangu mwaka 2013, yalivunjika kiangazi hicho, mapigano yakarejea, na uchaguzi ukarudiwa Novemba 1. Safari hii AKP ikaurejesha wingi wake.

Hatua iliyofuata inastahili kuzingatiwa kwa sababu ilifuata taratibu zote. Mei 20, 2016, bunge lilipiga kura 376 kuwaondolea wabunge kinga ya kutoshtakiwa. Kiongozi wa chama kikuu cha upinzani (CHP) wakati huo alikuwa ametangaza hadharani kwamba hatua hiyo inapingana na katiba, lakini chama chake kitaiunga mkono. Kauli hiyo moja inatufundisha zaidi kuliko vitabu vingi kuhusu jinsi demokrasia inavyokufa: mtu anaisoma katiba, anaielewa, kisha anapiga kura dhidi ya alichokisoma. Miezi miwili baadaye, Julai 15, sehemu ya jeshi ilijaribu kuipindua serikali, na zaidi ya watu 250 wakauawa. Jaribio lilikuwa la kweli, na wananchi walioingia barabarani kulizuia walikuwa mashujaa kwelikweli. Lakini hali ya hatari iliyotangazwa baadaye iliwafagia pia watu wasiohusika kabisa na mapinduzi hayo. Watumishi wa umma zaidi ya 100,000 walifukuzwa kazi kwa amri za dharura zilizoambatanishwa na orodha za majina. Miongoni mwao walikuwamo wahadhiri waliotia saini tamko la amani la Januari 2016 ambalo lilipinga operesheni za kijeshi katika miji ya Wakurdi. Mwandishi Ahmet Altan alikamatwa Septemba 2016 kwa madai kwamba katika kipindi cha televisheni, usiku wa kuamkia mapinduzi, alitoa ujumbe wa kichinichini. Hapa dola ilikuwa imevuka usomaji wa yaliyosemwa, ikaingia katika usomaji wa yasiyosemwa.

Demirtaş alikamatwa Novemba 4, 2016. Shtaka kubwa lililokuja kumwandama lilihusu ujumbe ambao chama chake kilitoa mtandaoni Oktoba 6, 2014, kikiwaita watu kuingia barabarani wakati mji wa Kobani, ng'ambo ya mpaka nchini Syria, ulipozingirwa na wapiganaji wa Dola ya Kiislamu. Maandamano yaliyofuata yaligeuka ghasia na makumi ya watu wakafa. Waendesha mashtaka waliusoma ujumbe huo kama amri ya kuua. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliusoma ujumbe uleule. Katika hukumu ya Baraza lake Kuu ya Desemba 22, 2020, iliamua kwamba maneno hayo hayakutoka nje ya mipaka ya kauli za kisiasa, kwamba kusudi lililofichika la kumweka kizuizini lilikuwa kunyamazisha tofauti za maoni, na kwamba aachiliwe mara moja. Mapema zaidi, mwaka 2018, Erdoğan alikuwa ametamka kwamba hukumu za mahakama hiyo haziwafungi. Mei 2024 mahakama ya Ankara ilimhukumu Demirtaş kifungo cha miaka 42. Novemba 2025, alipotimiza miaka tisa tangu kukamatwa, alikuwa bado ndani.

Kamati ya Kusoma Barua

Hadithi muhimu zaidi kwa hoja yetu ni ile inayoitwa, kwa Kiswahili chetu, “Barua kwa Kamati ya Kusoma Barua ya Gereza.” Kwa kawaida barua ya mfungwa ina nafsi mbili zilizo wazi: anayeandika na anayeandikiwa, mathalan mke, mama au rafiki. Kamati ni nafsi ya tatu inayosoma bila kualikwa. Mfungwa hujifanya haioni na kamati hujifanya haipo, ingawa kila sentensi imeandikwa kwa kumkumbuka mkaguzi na kila mstari uliofutwa kwa wino mweusi ni alama ya kuwapo kwake.

Demirtaş anauvunja unafiki huo kwa mbinu sahili sana. Msimulizi wake anaiandikia kamati yenyewe. Anawasalimu wajumbe kwa adabu na kutambua kwamba wao ndio wasomaji wake wa kwanza, na pengine waaminifu kuliko wote, maana hawaruki hata neno moja. Kinaya kinachotokea ni cha hali ya juu kwa sababu hakina tusi lolote ndani yake. Mkaguzi hawezi kuizuia barua isimfikie mwandikiwa, kwa kuwa mwandikiwa ni yeye. Hawezi pia kuisoma bila kutambua kwamba anasemeshwa, na mtu anayesemeshwa tayari ameanza kuwa mtu. Kwa hila hii mwandishi anaigeuza taasisi kuwa hadhira.

Tukiwatazama wafungwa wa fasihi yetu wenyewe, tofauti ya mbinu inajitokeza. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa kijikaratasi chake cha “Kenya: Twendapi?”, na mashairi aliyoyatunga kwa siri gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Katika utungo kama “Mamba” anatumia fumbo. Mtawala anavikwa ngozi ya mnyama, na msomaji mwenye ufunguo wa lugha anafungua, huku yule asiye na ufunguo akipita mlangoni bila kujua kwamba kuna nyumba. Fumbo ni ngao ya kale ya malenga wa pwani, nalo humchukulia msomaji wa dola kama adui wa kupotezwa njia. Demirtaş anakwenda kinyume chake. Haandiki fumbo hata kidogo. Anamkabili msomaji wa dola, anamvutia kiti, anamwomba aketi asikilize. Tofauti hii haitokani na ushujaa wa mmoja na woga wa mwingine. Abdilatif alikuwa akitunga kwa siri, bila kalamu wala karatasi za ruhusa, ilhali Demirtaş alikuwa na haki ya kuandika iliyopita mikononi mwa kamati. Kila mmoja alibuni mtindo kulingana na mlango aliofungiwa. Tusisahau pia kwamba mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilitunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Dola inaweza kukisoma kitabu kwa namna mbili kinzani katika mwongo mmoja, na hilo linathibitisha kwamba tatizo halikuwa katika maneno.

Shomoro, Nazan na Seher

Hadithi ya kwanza katika mkusanyiko inahusu shomoro wawili wanaojenga kiota katika ua wa gereza. Ndege wa dola wanakuja kutaka kiota kibomolewe. Dume anaingiwa na unyenyekevu wa ghafla, huku jike likisimama kukilinda kiota. Tashihisi hii ingeweza kuwa hadithi nyepesi ya watoto, lakini jina lake, linalomtaja mwanamume aliye ndani yetu, linaigeuza ikamwelekea msimulizi mwenyewe. Swali linaloulizwa ni kwa nini sisi tunaojiita wapinzani tunaibeba dola hiyohiyo vifuani mwetu.

Hapa ndipo mkusanyiko unapojitenga na fasihi ya kawaida ya gerezani. Msomaji anayetarajia mwanasiasa aliyefungwa atuonyeshe majeraha yake anakutana na mwandishi aliyeitabaruku kazi yake kwa wanawake waliouawa na walioteswa, na aliyeupa mkusanyiko mzima jina la mmoja wao. Seher ni msichana mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mfanyakazi mwenzake, ambaye moyo wake ulikuwa umemwelekea, anambaka pamoja na marafiki zake. Kisha wanaume wa familia yake mwenyewe wanamhukumu afe ili heshima yao itakasike. Baraza la wanaume linaloketi nyumbani linafanana mno na mahakama. Lina ushahidi, lina sheria, lina hukumu na mtekelezaji. Kinachokosekana ni sauti ya mshtakiwa. Mwili wa Seher umesomwa na wengine, na usomaji wao hauna rufani. Jina Seher lina maana ya alfajiri, na kinaya chake hakihitaji kuelezwa.

Hadithi ya Nazan inalipeleka wazo hilo barabarani. Nazan ni mwanamke maskini anayesafisha nyumba za watu mjini Ankara. Akiwa njiani anajikuta katikati ya maandamano asiyoyajua, anakamatwa na kufungwa. Kwa polisi, kuwapo kwake mahali pale ni maandishi tosha: aliyeko penye maandamano ni mwandamanaji. Gerezani anakutana na wanawake wanaharakati na kujifunza siasa aliyotuhumiwa nayo. Kejeli hiyo ni ya kisiasa kikamilifu. Tafsiri potofu ya dola inajitengenezea ukweli wake, na mtu aliyesomwa kimakosa kama mpinzani anaishia kuwa mpinzani kweli.

Tunaona basi kwamba hadithi hizi tatu zinaunda ngazi: kiota, nyumba, barabara. Katika kila daraja yupo mwenye mamlaka ya kutafsiri, na yupo anayetafsiriwa bila kuulizwa. Demirtaş hasemi popote kwamba ukandamizaji wa nyumbani na ule wa serikali ni kitu kimoja, lakini mpangilio wa hadithi unalisema jambo hilo kwa niaba yake. Wale wanaodhani kwamba demokrasia ni suala la masanduku ya kura pekee watapata hapa hoja ya kuwatikisa. Taifa lililozoea kwamba baba, kaka na mume husoma kwa niaba ya wote halitashangaa sana rais atakapofanya hivyo.

Usomaji Unapovuka Mipaka

Hadithi mbili katika mkusanyiko zinatoka nje ya Uturuki. Ya kwanza inaanza na bomu linalolipuka sokoni mjini Halab, kisha inarudi nyuma kutusimulia mapenzi yaliyokuwapo kabla ya mlipuko. Ya pili inasimuliwa na msichana mdogo wa Kisyria aliyekimbia mji wa Hama pamoja na mama yake, na ambaye mashua yao imezama baharini. Katika hadithi zote mbili mbinu ni ileile ya kukataa hesabu. Redio hutuambia idadi ya waliokufa, na hadithi inamchagua mmoja na kumrudishia jina, chakula alichokipenda na ndoto yake.

Umuhimu wa hadithi hizi unaonekana tukizitazama pamoja na siasa za eneo zima. Kuvunjika kwa mazungumzo ya amani mwaka 2015 hakukuishia katika majimbo ya Wakurdi ndani ya Uturuki. Majeshi ya Uturuki yaliingia kaskazini mwa Syria mwaka 2016, yakaitwaa Afrin mwaka 2018, yakaingia tena mashariki ya Mto Furati mwaka 2019. Na mara nyingi waliolengwa walikuwa Wakurdi waliohesabiwa kuwa tawi la PKK. Wakati huohuo Uturuki iliwapa hifadhi Wasyria zaidi ya milioni 3.6 vita vilipokuwa vimepamba moto, mzigo ambao hakuna nchi ya Ulaya iliyoubeba, na ukarimu huo lazima utajwe kwa heshima. Lakini mkataba wa Machi 2016, ambao Umoja wa Ulaya uliahidi kwao euro bilioni sita ili wakimbizi wazuiwe wasivuke bahari, uliifanya Ulaya iogope kuinua sauti. Wabunge walipovuliwa kinga miezi miwili baadaye, Brussels ilieleza wasiwasi wake na kuendelea na malipo. Mtoto wa hadithi ya pili anazama, kihistoria, katika pengo hilo kati ya wasiwasi na malipo.

Usomaji huo ulifika hata kwetu. Februari 15, 1999, Abdullah Öcalan, kiongozi wa PKK, alikamatwa mjini Nairobi baada ya kuondoka katika makazi ya balozi wa Ugiriki, akapelekwa Uturuki na kufungwa katika kisiwa cha İmralı. Mwezi uliofuata Erdoğan naye aliingia gerezani kwa sababu ya shairi. Ni vigumu kutoona kinaya cha historia hapo. Robo karne baadaye, Oktoba 2024, raia wa Uturuki waliokuwa na hadhi ya ukimbizi walitekwa nyara jijini Nairobi, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ikathibitisha kwamba wanne kati yao walirudishwa Uturuki kwa ombi la serikali ya nchi hiyo. Walihusishwa na harakati ya mhubiri Fethullah Gülen, ambayo serikali ya Uturuki inaituhumu kwa mapinduzi ya 2016. Hati ya ukimbizi ni maandishi pia. Inasema kwamba mwenye nayo asirudishwe anakohofia kuteswa. Siku ile hati hizo zilisomwa kwa jicho la Ankara, nasi tulioapa kuziheshimu tukazitupa kando. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuusoma mkusanyiko wa Seher kama watazamaji walioketi mbali.

Mapungufu

Mkusanyiko huu hauna ukamilifu, na mhakiki anayemhurumia mfungwa hapaswi kuihurumia kazi yake. Hadithi kadhaa zinategemea mno sadfa: wahusika hukutana penye haja ya mwandishi, na mwisho hufungwa kwa uzi wa machozi. Wanawake ni wema kupita kiasi, kiasi kwamba baadhi yao wanakaribia kuwa vielelezo vya mateso badala ya kuwa watu wenye kinyongo, tamaa na makosa. Seher mwenyewe tunamjua kwa uchungu wake kuliko kwa mawazo yake. Na katika mkusanyiko unaolaumu usomaji wa mwanamke bila sauti yake, hilo si dosari ndogo.

Aidha, dola katika hadithi hizi ina sura moja. Tungependa kumjua mjumbe wa kamati ya kusoma barua anaporudi nyumbani jioni, na kuisikia sauti ya mpigakura wa Konya au Kayseri aliyempa Erdoğan kura yake kwa hiari. Tusijidanganye: katika kura ya maoni ya Aprili 2017 iliyokuza madaraka ya rais, waliosema ndiyo walitangazwa kuwa asilimia 51.4, na katika duru ya pili ya Mei 2023 Erdoğan alitangazwa mshindi kwa asilimia 52. Hata tukizingatia vyombo vya habari vilivyomezwa na wafuasi wa serikali na malalamiko kuhusu kura zisizopigwa muhuri, mamilioni walichagua hivyo. Riwaya itakayomwelewa mpigakura huyo itatuambia jambo ambalo Seher haikutuambia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba demokrasia nchini Uturuki ilididimia kwa njia ya usomaji uliohodhiwa. Hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kuitaja kwamba ndipo ilipokufa. Bunge linakaa, mahakama zinakaa, kura zinapigwa, na mara nyingine upinzani hushinda, kama CHP ilivyoshinda uchaguzi wa serikali za mitaa wa Machi 2024. Lakini maana ya ushindi huo husubiri tafsiri kutoka juu. Desemba 2022 meya wa Istanbul, Ekrem İmamoğlu, alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka miwili kwa neno moja lenye maana ya “wajinga.” Machi 18, 2025, shahada yake ya chuo kikuu, aliyoipata miongo mitatu kabla, ilisomwa upya na kufutwa, na bila shahada mtu hawezi kugombea urais. Kesho yake akakamatwa. Chama kilichopiga kura mwaka 2016 kwa katiba kilichojua inavunjwa kilikuwa sasa kinayavuna yaliyopandwa siku ile.

Mei 2025, kufuatia wito wa Öcalan, PKK ilitangaza kujivunja, baada ya mapigano yaliyoanza mwaka 1984 na kugharimu maisha ya watu zaidi ya 40,000. Ni jambo la kushangiliwa. Hata hivyo amani itakayodumu itahitaji zaidi ya kuteketeza bunduki. Itahitaji serikali inayokubali kwamba maneno ya raia yana maana zaidi ya ile inayoipendeza, na kwamba hukumu ya mahakama iliyoisoma kesi kwa makini haiwezi kuwekwa kando kwa tamko la mtu mmoja.

Kwetu sisi walimu wa fasihi fundisho ni la moja kwa moja. Tunapomfundisha mwanafunzi kwamba shairi lina zaidi ya maana moja, kwamba msimulizi si mwandishi, kwamba jazanda si tamko, tunamfundisha pia kumpinga hakimu wa Siirt na mwendesha mashtaka wa Ankara, pamoja na ofisa wa kwetu aliyeiona hati ya mkimbizi asiisome. Wapo wanaodai kwamba somo letu halina faida katika ujenzi wa taifa. Hao waulizwe ni nani atakayelisomea taifa, na kwa idhini ya nani.